Nani Ashindane na Nani: Kugawa Magari kwa Haki Kwenye Mashindano ya Besi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye viwanja vya mashindano ya muziki wa magari nchini Marekani, kulikuwa na amplifaya iliyotafutwa sana kwa sababu karatasi yake ilisoma kidogo. Orion 225 HCCA iliandikwa kuwa inatoa wati 25 kwa kila upande, basi. Mashindano mengi ya wakati huo yaligawa magari kwa wati zilizotangazwa na kiwanda, kwa hiyo mwenye Orion aliingia daraja la wanyonge akiwa na chuma chenye uwezo wa kusukuma mzigo wa nusu omu. Zile wati 25 zilikuwa zimepimwa kwenye omu 4. Kwa hesabu ya umeme, mzigo ukishuka kutoka omu 4 hadi nusu omu, na amplifaya isilegee, nguvu inapanda mara nane. Jirani yake aliyenunua amplifaya ya kawaida yenye wati 25 za kweli alikuwa ameshindwa kabla hajawasha redio.

Hakuna aliyevunja kanuni. Kosa lilikuwa la kanuni yenyewe, iliyoamini karatasi badala ya kupima.

Mashabiki wa soka la vijana Tanzania wanawajua vijeba: mchezaji mwenye cheti cha miaka 15 na ndevu za miaka 20. Mashindano ya besi nayo yana vijeba wake, na anayetaka kuyaandaa Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa au Arusha atakutana nao siku ya kwanza tu. Vijana wenye Probox, Noah, IST na Subaru zenye mabufa ya maana wapo, na mafundi wapo. Nairobi imezalisha kizazi kizima cha mafundi waliojifunzia kazi kwenye matatu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukaa chini na kuandika nani ashindane na nani, na kwa kipimo gani. Kazi hiyo ndiyo inayoamua kama washiriki watarudi mara ya pili.

Kabla ya kuchora mstari wowote, mwandaaji anapaswa kuelewa desibeli zinavyohesabiwa, maana huko ndiko haki inakopotelea. Kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili kunaleta desibeli 3. Kuiongeza mara kumi kunaleta 10. Mashindano haya huamuliwa kwa sehemu ya kumi ya desibeli: gari la 148.3 linalishinda la 148.2, na mshindi anaondoka na kombe. Kwa hiyo daraja likimruhusu mtu mmoja kuingia na faida ya desibeli 2 au 3, hakuna ufundi wa boksi wala uteuzi wa mlio utakaoziba pengo hilo. Mwenye gari dogo atakuwa amelipa kiingilio ili amsindikize mwenzake.

Kipimo cha wati kinaweza kuachwa moja kwa moja. Siku hizi hali ni mbaya zaidi kuliko enzi za Orion, kwa sababu zipo amplifaya za bei poa zinazoandikwa wati 5,000 huku zikiwa na fyuzi mbili za ampia 30. Hesabu yake haichukui dakika: ampia 60 kwa volti 14 ni wati 840 zinazoingia, na zinazotoka ni pungufu ya hapo. Mwenye amplifaya ya namna hiyo akigawiwa daraja kwa karatasi atapelekwa kupambana na majitu. Orion ilimpendelea mwenyewe, hii inamwonea. Karatasi ni ileile. Fyuzi nazo zina udhaifu wake kama kipimo cha daraja. Fyuzi kubwa huvumilia mkondo unaozidi namba yake kwa sekunde chache kabla ya kukatika, na mpigo mmoja wa mashindano unahitaji sekunde chache tu.

Kinachobaki ni vitu ambavyo mwamuzi anaweza kuviona kwa macho na kuvipima kwa mkono wake: eneo la koni, mahali spika zilipofungwa, na umeme unaofika kwenye amplifaya. Kati ya hivyo vitatu, eneo la koni ndilo msingi.

Waandaaji wapya huwa na tamaa ya kugawa kwa idadi: daraja la sabufa moja, daraja la sabufa mbili. Inaonekana rahisi na haina haki hata kidogo. Sabufa ya inchi 10 ina eneo la karibu inchi za mraba 79. Ya 12 ina 113, ya 15 ina 177, ya 18 ina 254. Sabufa moja ya 18 ina eneo kubwa kuliko mbili za 12, ambazo kwa pamoja zinafika 226. Halafu zipo za mraba. Kicker walitoa Solo-Baric L7 yenye koni ya mraba, na mraba wa inchi 12 kwa 12 una inchi za mraba 144, yaani robo nzima zaidi ya duara la upana huohuo. Koni zikisafiri umbali uleule, tofauti hiyo ni karibu desibeli 2. Mwandaaji aliyeandika tu "sabufa moja ya inchi 12" amempa mwenye L7 ushindi kwa kalamu yake mwenyewe.

Eneo lote lijumlishwe, na hesabu iwe ya upana wa spika unaotangazwa kwa wote, ili pasiwe na mabishano kama ukingo wa raba uhesabiwe au la. Duara ni nusu ya upana, mara yenyewe, mara 3.14. Mraba ni upande kwa upande. Jedwali la saizi za kawaida libandikwe mezani na mshiriki ahesabiwe akiwa anaangalia.

Kwa mashindano yanayoanza, mistari mitatu inatosha: hadi inchi za mraba 130, hadi 260, na hadi 460, anayezidi hapo anakwenda daraja la wazi. Namba hizi zimechaguliwa kwa kujaribu saizi ambazo watu wanazo. Daraja la kwanza linachukua sabufa moja ya 12 au ya 10, na mraba wa 12 unasukumwa juu. La pili linachukua mbili za 12, tatu za 10, moja ya 15, na pia moja ya 18. Mstari huo ungewekwa 240, ambayo inaonekana namba nzuri tu, mwenye 18 moja angetupwa kwenye daraja la watu wenye 12 nne. Kila mstari unaopendekezwa upitishwe kwenye mtihani huo: nani anabaki pembeni tu mwa ukingo, na akivuka atakutana na nani?

Mahali spika zilipo ni suala la pili, na hapa Wamarekani wana somo la kuazima. Wayne Harris, aliyejipatia jina kwa gari la kubebea maiti la Cadillac la 1960 lililoitwa Terminator, alianzisha dB Drag Racing na akatengeneza kihisi cha Term-LAB kinachotumika kupima mashindano haya hadi leo. Madaraja ya mchezo wake yanapanda kwa kadiri gari lilivyobadilishwa. Chini kuna magari ya mtaani yanayobaki kuwa magari. Katikati kuna Super Street, ambako mtu anaruhusiwa kujenga ukuta wa mbao hadi kwenye nguzo iliyo nyuma ya mlango wa mbele. Juu kabisa kuna Extreme, ambako yameonekana magari yaliyomiminwa zege milangoni, yenye vioo vinene kama vya benki na milango inayobanwa kwa vyuma isifunguke kwa mgandamizo. Gari la namna hiyo halina habari na barabara tena. Limekuwa chombo cha kutengenezea namba.

Ule ukuta unastahili kufikiriwa vizuri, kwa sababu unajibu swali ambalo hapa kwetu litaulizwa kila mara: je, Noah au Hiace ishindane na Vitz? Wengi watataka madaraja ya aina ya bodi, saluni peke yake na basi dogo peke yake. Ila sikio la kihisi halijui jina la gari. Linachojua ni hewa kiasi gani imebaki mbele ya spika na boksi kubwa kiasi gani liko nyuma yake. Mwenye Noah akijenga ukuta nyuma ya viti vya mbele, chumba chake cha kusikilizia kinakuwa kidogo kama cha Vitz, na nyuma ya ukuta anabaki na nafasi ya boksi ambayo mwenye Vitz hawezi hata kuiota. Noah hiyohiyo, viti vyote vikiwa mahali pake na sabufa nyuma ya kiti cha mwisho, haina faida hiyo.

Kwa hiyo kanuni yenye maana ni ya viti na ukuta. Kwenye madaraja ya mtaani, viti vyote ambavyo gari lilitoka navyo kiwandani viwepo, vimefungwa, na mtu anaweza kuvikalia. Boksi lisivuke mgongo wa kiti cha mwisho wala lisipande juu ya usawa wa dirisha. Matatu nyingi za Nairobi zingepita ukaguzi huu bila shida, maana kazi yao ni kubeba abiria na muziki wao umejengwa kuzunguka viti. Anayeng'oa kiti anapanda daraja. Anayejenga ukuta anakwenda daraja la ukuta hata kama ana sabufa moja. Saluni yenye buti iliyotengwa na chumba kwa bati inaumia kidogo mbele ya gari lenye nyuma iliyo wazi, hilo ni kweli, na kama kuna saluni tano au zaidi zinafaa kupewa daraja lao. Zikiwa mbili, ziingie na wengine. Kombe la kumshinda mtu mmoja halina ladha.

Umeme ndio mlango wa nyuma ambao vijeba wengi wanaupitia. Amplifaya nyingi za magari hazishiki volti. Zikipewa zaidi, zinatoa zaidi, na nguvu hupanda kwa volti mara volti. Betri iliyojaa ikiwa injini imezimwa inasoma karibu 12.6, na alteneta ikifanya kazi inafika 14.4. Tofauti hiyo pekee ni asilimia 30 ya nguvu, zaidi ya desibeli 1. Mtu akifunga mfumo wa volti 16, anaongeza karibu desibeli 1 nyingine juu ya mwenye alteneta ya kawaida. Hakuna anayeliona hilo kwa kutazama sabufa zake.

Dawa yake ni mita ya umeme ya bei ndogo. Mwamuzi aweke ncha zake kwenye vituo vya amplifaya yenyewe, injini ikiunguruma, kabla tu ya mpigo. Madaraja ya mtaani yawe na ukomo wa volti 15, alteneta moja, na betri za ziada zihesabiwe na kuandikwa kwenye fomu. Wote wapige injini ikiwa imewashwa, au wote ikiwa imezimwa. Kuacha kila mtu achague ni kuruhusu kile kile kilichokatazwa.

Kisha kuna kipimo. Madaraja mazuri yanaharibika kabisa kama kihisi kinahamahama, kwa kuwa ndani ya gari besi haisambai sawa. Sentimita chache kutoka kona ya kioo cha mbele zinaweza kubadilisha matokeo. Sehemu iwe moja kwa magari yote, ipimwe kwa rula kutoka kwenye nguzo ya kioo na kutoka kwenye dashibodi, na mtu mmoja tu ndiye akibandike kihisi asubuhi hadi jioni. Hali ya milango na vioo iandikwe: vyote vimefungwa, au kipi kimefunguliwa. Muda uwe sawa. Sekunde 30 ni desturi inayofahamika. Programu ya simu isitumike hata kwa mazoezi ya hadharani. Maikrofoni ya simu hujaa mapema sana kabla ya kufika ngazi za mchezo huu, na kuanzia hapo inatoa namba zisizo na uhusiano na kinachotokea ndani ya gari. Hata mita nyingi za kawaida za kelele huishia 130. Pasipo kihisi cha mgandamizo kilichotengenezwa kwa kazi hii hakuna mashindano, kuna kelele tu.

Kwa mwandaaji mwenye magari 15 au 20 na fedha kidogo, upo mchezo mwingine wa kuufikiria kabla ya yote hayo. dB Drag wanauita Bass Race. Mshiriki anachagua kikomo, kwa mfano 129.9, 139.9 au 149.9, halafu kwa sekunde 30 anapiga muziki akijaribu kukikaribia bila kukivuka. Aliye juu zaidi chini ya kikomo anashinda, na anayevuka anapoteza. Hapa eneo la koni halina kazi, volti hazina kazi, hata ukuta hauna kazi. Mwenye gari la milioni nyingi na mwenye sabufa ya mtumba wanakaa mstari mmoja wa 139.9, na mshindi ni yule anayelijua gari lake, anayejua sauti ikae wapi na wimbo gani haumwachi katikati. Ni mchezo wa haki kuliko wote katika fani hii, na ndio unaofaa kuanzia. Ujanja mmoja uzibwe mapema: anayevuka kikomo mara mbili kwa siku apandishwe kikomo kinachofuata na asirudi chini.

Wingi wa madaraja ni ugonjwa unaojificha kama ukarimu. Mwandaaji anataka kila mtu afurahi, anaongeza daraja hapa na pale, na mwisho magari 20 yanagawanywa kwenye madaraja 12. Kila mtu anaondoka na kombe na hakuna aliyeshindana. Kwa magari 20, madaraja manne au matano yanatosha. Daraja likikosa magari matatu, waliomo wapandishwe la juu yake. Kumshusha mwenye nguvu ili kujaza daraja la chini kusifanyike hata siku moja, hata kama ni rafiki wa mdhamini.

Suala la mdhamini lizungumzwe wazi. Duka linalouza sabufa likitoa fedha za makombe, magari yake ya maonyesho yataletwa uwanjani na yatataka kushindana. Yapewe daraja lao, la wauzaji na mafundi wanaolipwa, pamoja na fundi yeyote anayeleta gari la duka lake. Kijana aliyejifunga spika mwenyewe nyumbani asikutane nao kwenye daraja la wanaoanza. Mwamuzi naye asiwe na gari kwenye mashindano siku hiyo, wala asiwe aliyejenga boksi la mshiriki yeyote.

Ukaguzi ufanywe kabla ya gari la kwanza kupiga, ukiwa na fomu moja ya ukurasa mmoja: saizi na idadi ya spika, eneo lililojumlishwa, viti, ukuta, betri, volti. Vifuniko na mazulia yafunguliwe. Picha mbili zipigwe, moja ya buti na moja chini ya boneti. Mshiriki asaini. Kuanzia hapo, kubadilisha chochote kunamrudisha mezani. Malalamiko yapokewe kutoka kwa mshiriki wa daraja hilohilo tu, kwa maandishi, kabla raundi inayofuata haijaanza, na kwa ada ndogo inayorudishwa akiwa na haki. Ada hiyo inapunguza kelele za mashabiki na kumpa nguvu yule mwenye hoja ya kweli.

Usalama nao ni sehemu ya madaraja, ingawa wengi huuweka ukurasa wa mwisho wa tangazo. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asizidi desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Kipimo hicho hakihesabu besi sawa na sauti nyingine, lakini hakimpi mtu ruhusa ya kukaa ndani ya 150. Madaraja yanayozidi 140 yaendeshwe kwa rimoti, gari likiwa tupu. Wanaosimama karibu wavae vizibo vya masikio, na watoto wawekwe mbali. Kila waya mkubwa wa betri uwe na fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Asiye nayo hapigi, hata akiwa bingwa. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, usiwe ndani ya gari la mtu.

Majirani pia wana haki yao. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, na ruhusa huombwa mapema. Uwanja wa mbali na hospitali, shule na nyumba za ibada unaokoa mengi kuliko barua yoyote ya kuomba radhi.

Baada ya mashindano, karatasi za ukaguzi zisitupwe. Matokeo yatangazwe yakiwa na eneo la koni, volti, mlio uliotumika na desibeli, gari kwa gari. Zikipangwa kwenye jedwali, kasoro zitajionyesha zenyewe: daraja ambalo wa kwanza amemwacha wa pili kwa desibeli 6 lina mstari mbovu, na mara nyingi ukilitazama utakuta wenye koni kubwa wote wako juu na wenye ndogo wote wako chini. Mistari ya msimu unaofuata ichorwe juu ya namba hizo na itangazwe miezi mitatu kabla, ili mwenye boksi la mbao apate muda wa kulikata upya.